Guam au Saipan: ungekubali kuishi wapi na mwenzi wako?

Mwezi huu tupumzisheni kidogo Zanzibar. Najua ilivyo: ikifika siku ya kumbukumbu ya ndoa ni Nungwi, ikishindikana ni Bagamoyo, na mwenye mshiko mfupi anamalizia Kigamboni na mishikaki yake. Safari hii tunakwenda mbali kweli kweli, katikati ya Bahari ya Pasifiki, mahali ambapo nyie mkiamka saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam, wenzenu ni saa saba mchana na wameshakaa mezani wanakula wali mwekundu.

Visiwa vyenyewe ni viwili, Guam na Saipan. Viko kwenye safu moja, safu ya Mariana. Wenyeji wa asili wa vyote ni Wachamorro, ingawa Saipan ina pia Wakarolini waliohamia karne mbili zilizopita. Bendera inayopepea kote kuwili ni ya Marekani, pesa ni dola, magari yanapita upande wa kulia. Kati yao ni kama kilomita 200 za maji, na ndege inakata umbali huo kwa muda usiofika saa moja. Guam ni kikubwa zaidi, kilomita za mraba kama 540, yaani theluthi moja ya Unguja. Saipan ni kidogo mno: ukiamka na gari asubuhi, saa tano umeshakizunguka na umeanza kukirudia.

Wengi wakiandika kuhusu sehemu hizi wanauliza wapi pana ufukwe mzuri zaidi. Hilo tusihangaike nalo, kote ni bomba. Swali langu ni la watu wazima. Kama wewe na mwenzako mngeambiwa mkaishi kisiwa kimoja kwa miaka kumi, mzae huko, muugue huko, mjenge huko, mngechagua kipi? Mimi na mume wangu tulilijadili swali hili siku kumi na mbili mfululizo, mezani, garini, mpaka kitandani. Na hatukukubaliana.

POSA ILIYOKATALIWA

Huwezi kuelewa tofauti ya maisha ya leo bila kujua visiwa hivi vilivyoachana. Zamani vilikuwa nyumba moja chini ya Hispania. Mwaka 1898 Hispania ikashindwa vita na Marekani, na Marekani ikachukua Guam peke yake. Mwaka uliofuata Hispania, ikiwa imefulia, ikaviuza vilivyobaki kwa Wajerumani. Ndio, Wajerumani hao hao waliokuwa wanatutawala huku Tanganyika. Mwaka 1914 Wajapani wakavinyakua kutoka kwa Wajerumani.

Sasa piga picha. Mtoto wa Guam anakua akifundishwa Kiingereza chini ya jeshi la wanamaji la Marekani. Binamu yake wa Saipan anakua akifundishwa Kijapani, na kisiwa chake kimegeuzwa mashamba ya miwa. Desemba 1941 Japani ikaivamia Guam, na ikawaleta Wachamorro wa Saipan kuwa wakalimani. Yaani anayekufokea amri za askari mlangoni kwako ni mtu wa damu yako, anayezungumza lugha yako, pengine hata jina lenu la ukoo ni moja. Hali hiyo ilidumu mpaka Julai 1944 Wamarekani waliporudi.

Baada ya vita, watu wa Saipan na visiwa vya kaskazini walipiga kura zaidi ya mara moja wakisema wanataka kuungana na Guam. Mwaka 1969 wapiga kura wa Guam nao wakaulizwa. Wakasema hapana. Kidonda cha wakalimani kilikuwa bado kibichi, na wengine waliogopa kubebeshwa mzigo wa ndugu maskini. Sisi tulioungana mwaka 1964, tena ndani ya miezi michache tu, tunaweza kubishana mpaka kesho kuhusu muungano wetu, lakini angalau tunajua ni ugomvi wa walio ndani ya ndoa. Hawa wa Mariana ni ugomvi wa posa iliyorudishwa mlangoni.

Utamu wa kisa uko hapa. Aliyekataliwa hakukaa kulia. Saipan na wenzake wakaenda wenyewe Washington kuandikishana mkataba. Mwaka 1975 karibu asilimia 79 ya wapiga kura wakaukubali, mwaka 1976 ukawa sheria, mwaka 1978 wakaanza serikali yao, na mwaka 1986 wakapata uraia wa Marekani. Mkataba ule una vifungu ambavyo Washington haiwezi kuvigusa bila wao kuridhia. Guam inaendeshwa kwa sheria ya mwaka 1950 iliyotungwa na bunge la Marekani, na bunge hilo hilo linaweza kuibadilisha. Kwa karatasi, basi, ndugu mdogo aliyefukuzwa alipata masharti mazuri kuliko kaka aliyemfukuza.

Rais wa Marekani hawamchagui wote wawili. Kila mmoja ana mjumbe mmoja tu katika bunge la Washington, anayekaa, anayeongea, lakini bunge likipiga kura ya mwisho yeye ni mtazamaji.

MSHIKO UKO WAPI

Mume wangu ni mhasibu, kwa hiyo tukianza na hesabu zake tutakuwa tumemtendea haki. Sensa ya mwaka 2020 iliangalia mapato ya mwaka 2019. Ukizipanga kaya zote za Guam mstari mmoja kuanzia fukara mpaka tajiri, ile ya katikati ilikuwa inaingiza dola 58,289 kwa mwaka. Visiwa vya kaskazini, ile ya katikati ilikuwa na dola 31,362. Karibu nusu! Guam, mtu mmoja kati ya watano alihesabiwa kuwa maskini kwa vipimo vya Marekani. Kaskazini ilikuwa asilimia 38, yaani karibu wawili kati ya watano. Kima cha chini cha mshahara Guam kilipandishwa mpaka dola 9.25 kwa saa mwezi Septemba 2021, wakati Saipan ilifika dola 7.25 mwaka 2018, kile kile cha shirikisho zima.

"Umeona?" akaniambia, kalamu imebanwa sikioni. "Mjadala umekwisha."

Haukwisha, maana swali linalofuata ni hela hizo zinatoka wapi. Guam zinatoka sehemu mbili: watalii na jeshi. Mwaka 2019 walifika watalii zaidi ya milioni 1.6, wengi wao Wakorea na Wajapani, wakajaa kwenye hoteli za ghuba ya Tumon. Korona ikawafagia, na hadi mwaka 2024 idadi haikuwa imerudi hata nusu. Lakini jeshi halikuondoka. Lina kambi ya anga kaskazini, kambi ya majini magharibi, na mwaka 2020 ikazinduliwa kambi mpya ya wanamaji wa nchi kavu, wanaoanza kuhamishwa kutoka Okinawa. Kwa hiyo watalii wakikohoa, Guam inapata mafua tu. Saipan inalazwa.

Kisa cha Saipan kinataka kukaa chini. Kwa kuwa mkataba uliwaachia wapange wenyewe kima cha mshahara na nani aingie nchini, miaka ya 1980 wakaja wawekezaji wa viwanda vya nguo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: wafanyakazi kutoka China na Ufilipino, wengi wanawake, wanalipwa chini ya mshahara wa Marekani, halafu shati linaingia Marekani bila ushuru likiwa na lebo ya kwamba limetengenezwa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nguo za kama dola bilioni moja zilikuwa zinatoka kila mwaka kwenye kisiwa kidogo kuliko wilaya. Wasichana wale walikuwa wanalala mabwenini, wengine wakiwa na deni la wakala aliyewaleta, na mwaka 1999 kesi zikafunguliwa Marekani dhidi ya viwanda na wauza nguo wakubwa. Ziliishia kwa makubaliano ya dola milioni 20. Mwaka 2005 vikwazo vya biashara ya nguo duniani vikaondolewa, China ikawa inauza moja kwa moja, na Saipan haikuwa na kazi tena. Kiwanda cha mwisho kilifunga mwaka 2009.

Kikaja kizazi cha kasino. Leseni ilitoka mwaka 2014, na katikati ya mji wa Garapan likaanza kupanda jengo la dhahabu na madragoni. Uchumi ukaruka, watalii wakapita laki sita mwaka 2017, vijana wakapata kazi za maana. Mwaka 2020 kasino ikafungwa, na jengo halijawahi kumalizika. Ukipita hapo unaliona limesimama kama bwana harusi aliyevaa suti na kukuta ukumbi mtupu. Juni 2024 hoteli moja kubwa iliyodumu zaidi ya miaka 40 nayo ikafunga milango.

Matokeo yake yako kwenye sensa. Mwaka 2000 visiwa vya kaskazini vilikuwa na watu 69,221. Mwaka 2020 walikuwa 47,329. Guam ilikuwa na 153,836, pungufu kidogo tu ya miaka kumi kabla.

NYUMBA NI YA NANI

Hapa ndipo kalamu ya mume wangu ilipoanza kukwama. Mshahara wa Guam ni mnono, sawa, ila kodi ya nyumba inaula. Mwanajeshi anayeishi nje ya kambi hupewa posho ya nyumba, na mwenye nyumba anaijua posho hiyo, basi anapanga bei yake kuifuata. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na posho anashindana na posho hiyo hiyo. Kila mwenye kuishi Masaki kwa mshahara wa shilingi, huku majirani wakilipwa kwa dola na mashirika, anaelewa ninachosema.

Ongeza ardhi. Jeshi linashika zaidi ya robo ya kisiwa, na sehemu kubwa ilichukuliwa baada ya vita kutoka kwa familia ambazo wajukuu wao hadi leo wanaonyesha kwa kidole upande wa pili wa uzio: pale palikuwa shamba la babu. Iliyobaki, yeyote mwenye hela anaweza kununua, awe wa Texas au wa Tokyo.

Saipan huwezi. Katiba yao inasema ardhi itamilikiwa kwa kudumu na mwenye asili ya Mariana ya Kaskazini tu. Wengine wote, hata Mmarekani halisi mwenye pasipoti ya bluu, wanakodi, mwisho miaka 55. Mtanzania hili halimshangazi, maana kwetu pia mgeni hamilikishwi ardhi hivi hivi, anapewa kwa uwekezaji na kwa muda. Ila fikiria mko wawili, mmoja mwenyeji na mmoja wa kuja. Mkigombana, kiwanja ni cha nani kila mtu anajua. Nilimuuliza mama mmoja Mfilipino aliyeolewa Saipan miaka mingi kama linamsumbua. Akacheka: "Mume wangu akinuna namwambia, baki na kiwanja chako, mimi nitabaki na jiko langu." Halafu akanyamaza kidogo, akasema kitu kilichonikaa: kwamba watoto wake watakuwa na pahala pa kuzikwa ambapo hakuna mtu wa kuwauzia au kuwanyang'anya.

Mimi nilianza kuhesabia Saipan alama kuanzia siku hiyo.

MKIUGUA JE

Tusidanganyane, hapa Guam inashinda, japo si kwa kishindo. Ina hospitali ya umma, imechakaa lakini ipo, na mwaka 2015 ikaongezeka ya binafsi. Saipan ina hospitali moja kwa visiwa vyote vya kaskazini; wa Tinian na Rota wakizidiwa wanaletwa kwa ndege. Kote kuwili, ugonjwa mkubwa kama saratani unaweza kukupeleka Hawaii au Ufilipino, na kote kuwili kisukari kimeshika familia vibaya. Ukiangalia sahani zao unaelewa: wali mwingi, nyama ya kopo nyingi, soda baridi juu yake.

Lakini kuna jambo moja lililonishangaza kuliko yote. Marekani ina msaada wa fedha wa kila mwezi kwa wazee na walemavu wasio na kitu. Saipan wanaupata, kwa sababu uliandikwa kwenye ule mkataba wa posa iliyokataliwa. Guam hawaupati. Kulikuwa na kesi ya mapacha wanawake wenye ugonjwa mmoja wa kurithi unaodhoofisha misuli. Mmoja anaishi Pennsylvania na analipwa, mwingine yuko Guam na halipwi. Mwaka 2020 hakimu wa Guam alimpa ushindi pacha wa Guam. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Puerto Rico, ikasema bunge lina haki ya kuyabagua maeneo kama hayo, na ushindi ule ukafa. Angepanda ndege ya chini ya saa moja kuhamia Saipan, kwa yule ndugu mdogo maskini, angelipwa.

KISIWA KISICHO NA NDEGE WA ANGANI

Kuna kitu kwenye maisha ambacho sensa haikipimi. Ingieni msitu wowote wa Guam asubuhi, mtulie, msikilize. Hakuna kitu. Baada ya vita ya pili nyoka wa kahawia wa mitini aliingia, inaaminika alijificha kwenye mizigo ya jeshi, akakuta ndege ambao hawajawahi kumwona nyoka wa namna hiyo. Akawamaliza. Aina karibu zote za ndege wa msituni zikatoweka. Mdiria wa Guam hakuonekana tena porini kuanzia mwaka 1988. Waliobaki walilelewa vizimbani, na mwaka 2024 wachache wakaachiwa kwenye kisiwa kingine mbali kabisa, Palmyra. Buibui nao wameongezeka msituni mno, kwa kukosa wa kuwala. Na nyoka hao wana tabia ya kupanda nguzo za umeme na kuzima taa za mtaa mzima, hivyo mgao wa huko una sababu yake ya pekee.

Wamarekani wamejaribu kila mbinu. Mwaka 2013 walidondosha kutoka kwenye helikopta panya wafu 2,000 waliotiwa dawa ya maumivu, ile ile tunayomeza kichwa kikiuma, kwa sababu kidonge kidogo chake kinamuua nyoka huyo. Kila panya na parashuti yake ya karatasi. Mume wangu, ambaye alikuwa amenuna, alicheka mpaka machozi.

Saipan hakuna nyoka huyo aliyeweka makazi, na mizigo inayotoka Guam inakaguliwa kwa mbwa na mitego. Kwa hiyo Saipan unaamshwa na ndege. Mimi nimekulia Tanga, nyumba yenye mwembe dirishani, na sikuwahi kufikiria kwamba kelele zile ni sehemu ya hali bora ya maisha. Nilipozisikia tena Saipan baada ya wiki ya ukimya wa Guam nilikaa barazani nikaacha chai ipoe.

MAJABALI MAWILI

Kwa wapendanao, kila kisiwa kina jabali lake, na tofauti yake inasema mengi.

La Guam linaitwa Jabali la Wapenzi Wawili, juu ya ghuba ya Tumon. Hadithi yake inafahamika kwa kila mtoto: binti wa baba Mhispania na mama wa ukoo wa machifu wa Kichamorro, aliyelazimishwa kuolewa na kapteni wa Kihispania, akatoroka na kijana wa Kichamorro anayempenda. Askari wakawabana ukingoni. Wakafunga nywele zao pamoja fundo moja, wakaruka. Leo wapenzi wanakwenda kufunga kufuli zenye majina yao hapo, na makanisa madogo ya harusi kwa ajili ya Wajapani yamejengwa huko chini ufukweni. Pazuri, pa kupiga picha, na kuna kiingilio.

La Saipan liko ncha ya kaskazini na halina hadithi, lina historia. Julai 1944, vita ilipowaelemea, raia wa Kijapani walijirusha baharini hapo, wazazi na watoto wao, kwa kuwa walikuwa wameambiwa Wamarekani watawatesa. Mwaka 2005 Mfalme Akihito na Malkia Michiko walisafiri kutoka Japani kuja kusimama hapo na kuinamisha vichwa. Maji chini ni ya buluu kali, upepo haukatiki, na watu wanaongea kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Sikupendekezi upapeleke mchumba siku ya kwanza. Wakati fulani katika ndoa, pengine ndiyo.

MICHANGO KAMA KWETU

Kama kuna kitu kilichotufanya tujisikie nyumbani kote kuwili, ni shughuli. Mwenyeji akiona mzee anainama na kuugusisha mkono wake puani, kama kuubusu; ni shikamoo yao kabisa. Halafu kuna kitu wanakiita chenchule'. Harusi ikija, msiba ukija, ubatizo ukija, familia inaleta: bahasha, nguruwe, sufuria la chakula, au nguvu za mikono. Na inaandikwa! Nani kaleta nini, kiasi gani, ili siku yake ikifika irudishwe, ikiwezekana na nyongeza. Nikamwambia mwenyeji wetu kwamba kwetu kuna kamati, kadi za ahadi, na mweka hazina anayekupigia simu saa nne usiku kukukumbusha. Akasema hilo la simu wao bado hawajafika, lakini ni wazo zuri.

Shughuli za Guam ni kubwa na chakula ni cha kufa mtu: kuku wa kelaguen, aliyechomwa akachanganywa na ndimu, nazi na pilipili, wali mwekundu uliopikwa na mbegu za mzingifuri, sosi ya finadene' ya kumwagia kila kitu. Ila Guam watu wana kazi mbili, wanafika wamechelewa, wanaondoka mapema. Saipan wanabaki. Kijana mmoja wa Saipan, ambaye ni fundi wa viyoyozi, alinieleza upande wa pili wa kubaki: walikuwa marafiki saba waliomaliza shule pamoja, watano wako Marekani bara, mmoja jeshini, yeye ndiye wa saba. Anahudhuria shughuli zote kwa sababu ndiye aliyebakia wa kubeba meza.

UPEPO NA KOMBORA

Vimbunga havichagui. Oktoba 2018 kimbunga Yutu kilipita juu ya Saipan na Tinian kwa upepo wa kama kilomita 285 kwa saa, na familia nyingi ziliishi kwenye mahema kwa miezi. Mei 2023 Mawar akaipiga Guam, umeme na maji vikakatika kisiwa kizima. Tofauti ni muda wa kuinuka. Guam ina bandari kubwa, ina jeshi, ina nyumba nyingi za zege. Saipan bado unaona mapaa ya bati yaliyofungwa kwa kamba.

Kombora ndilo linalowanyima Guam usingizi. Agosti 2017 Korea Kaskazini ilitangaza mpango wa kurusha makombora karibu na kisiwa, na serikali ya Guam ikatoa kijikaratasi cha kuwafundisha wananchi wafanye nini mlipuko ukitokea, pamoja na kuwaonya wasiutazame mwanga wake. Mambo hayo hayo yanayoleta mshahara mnono ndiyo yanayowaweka kwenye ramani ya shabaha. Saipan walikuwa wanajiona wako pembeni, ila sasa kwenye Tinian, pua na mdomo na Saipan, jeshi la anga linafyeka msitu kufufua viwanja vya ndege vya vita ya pili, palepale ilipopaa ndege ya bomu la Hiroshima Agosti 1945.

Kimya cha Saipan kilivunjwa mara moja hivi karibuni, tarehe 26 Juni 2024, Julian Assange alipokuja kukiri kosa kwenye mahakama ya Marekani ya kisiwani. Alikataa kukanyaga Marekani bara, na Saipan iko karibu na kwao Australia. Waandishi wa dunia nzima wakajaa, kesi ikachukua saa chache, akapanda ndege, nao wakaondoka.

MKITAKA KWENDA

Mume wangu bado anasema Guam: mshahara, hospitali, chuo kikuu cha watoto, na ndege za kwenda kila mahali. Mimi nasema Saipan, kwa sharti moja kwamba mmoja wetu awe na kazi ambayo haitegemei watalii. Hapo ndipo tulipofikia, na ndipo tulipo.

Nyie mnaotaka kuamua wenyewe, mjue kwamba viza ni ya Marekani, kwa visiwa vyote viwili. Kutoka kwetu mnaunganisha Ghuba, kisha Manila, Seoul au Tokyo. Angalieni na masharti ya kupita huko. Miezi mikavu ni Januari mpaka Juni, ingawa Mawar hakusoma kalenda. Hakuna boti ya abiria kati ya Guam na Saipan, ni ndege tu, na nauli yake inauma kwa safari fupi hivyo. Saipan maji ya kunywa nunueni. Pandeni mlima Tapochau, mita 474, jioni: kutoka juu mnaona kisiwa chote, pande zote nne, na taa zake zinavyowaka chache chache. Bebeni sweta. Na mkialikwa shughuli, msiende mikono mitupu, maana kuna mtu na daftari.